Kucha za Kwetu

Mbooni, Makueni
Jumapili baada ya kanisa

Kwa kaka yangu Kisilu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa shemeji yako Kimeu, na kutoka kwa wapwa wako wawili, Kathini ambaye kila siku anakuulizia na Musyimi ambaye hujamwona hata mara moja. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima hapo Kiboko, na kwamba joto la huko halijakumaliza, na kazi ya kumwagilia mashamba ya utafiti inakwenda vizuri. Magoti je? Kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa baridi kiliisha? Nijibu yote mawili, usiseme tu uko sawa.

Sisi huku tuko wazima. Mimi nimechoka tu, uchovu wa kawaida wa mtu mwenye mtoto anayeota meno. Musyimi ananing'ata hata wakati hana njaa. Mama yetu wa Kanyangi nilimpigia juzi, anasema mbuzi wamezaa, mbaazi zimefanya vizuri, na wewe ukiendelea kumtumia salamu kupitia kwa watu badala ya kumpigia, atazirudisha kwa watu haohao.

Najua utashangaa kuona nimeshika kalamu siku hizi ambapo kila mtu ana simu. Sababu ni moja. Kila nikianza kukuuliza kwa simu habari ya mikono yako, mtandao wa Kiboko unaharibika hapohapo. Barua haiwezi kukatika. Kimeu anapitia huko na lori la maembe na nimemwambia asiondoke kabla hajakuona ukiifungua. Nataka kukueleza jambo la kucha za Kathini tangu lilipoanza mpaka lilipofika, na nakuomba usiruke mistari, kwa sababu ukiruka utafikiri ni habari ya mtoto peke yake.

Kathini alizaliwa na kucha hizo. Nesi aliyenizalisha ndiye aliyeziona kwanza. Za vidole gumba zilikuwa fupi, nyembamba, zimebonyea katikati na kupasuka kidogo. Za vidole vinavyofuata zilikuwa na nafuu, na kadiri unavyokwenda mpaka kidole kidogo zilizidi kuwa nzuri. Za miguuni hazikuwa na shida. Nilipoziona nilikukumbuka wewe, nikamkumbuka na marehemu baba, halafu nikajikataza. Si tumekua tukiambiwa kwamba kucha za baba zililiwa na maji ya mkonge? Na zako vilevile, kwa sababu ulikuwa ukikwangua mkonge pamoja naye toka ukiwa mdogo, na mimi sikuukwangua, ndiyo maana zangu zikapona. Hivyo ndivyo mama alivyotueleza na hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyojua. Sasa mtoto aliyetoka tumboni leo amekwangua mkonge wa nani? Nikasema zitakua tu. Nikanyamaza.

Unajua jina la mtoto lilivyokuja. Ni msichana wa kwanza, kwa hivyo ilikuwa lazima aitwe kwa jina la mama yake Kimeu. Mwaitu, maana ndivyo ninavyomwita mama mkwe wangu, alilipokea jambo hilo kwa furaha kubwa. Kathini akilia, yeye husema, "Mimi mdogo nimekasirika." Akimpikia uji husema anajipikia mwenyewe. Nilikuwa nikifurahi kuwasikia. Sikujua kwamba upendo huohuo ndio ungetuletea taabu.

Kikundi cha wamama wa hapa kilipata lile sanduku kubwa la kukaushia maembe kwa jua, na likawekwa uani kwa mwaitu kwa sababu hapa kuna tambarare kidogo na maji yako karibu. Ni kazi nzuri. Wanakata maembe, wanayapanga kwenye nyavu, wanavaa vitambaa kichwani, na mnunuzi anasisitiza mikono iwe safi na kucha ziwe fupi. Basi siku moja Kathini akanyoosha mkono kuomba kipande cha embe, na mwenyekiti, anaitwa Mutindi, akaushika ule mkono na kuuinua juu kama mtu aliyemshika mwizi. Akasema hiyo ni fangasi. Akasema ameiona fangasi ya kucha maishani mwake na haiwezi kumdanganya. Halafu akaniuliza mbele ya wote kama kule kwetu Kitui tunanawa mikono kila siku au tunangoja mvua inyeshe. Wamama wakacheka. Mimi nilikuwa nimembeba Musyimi mgongoni na sufuria mkononi, na nikamjibu kwamba kule kwetu maji ni machache, kwa hivyo hatuyapotezi kuosha midomo ya watu. Wakacheka tena, lakini mara hii Mutindi hakucheka.

Ungefikiri limeisha. Halikuisha, kaka. Walianza kusema kwamba sanduku lihamishwe, eti huwezi kukaushia chakula cha watu kwenye boma lenye fangasi. Na hawakusema mtoto wa Kaveke ana fangasi. Walisema Kathini ana fangasi. Huko kanisani, huko sokoni, ni Kathini, Kathini. Mwaitu alisikia jina lake likipita mdomoni mwa watu namna hiyo na akashindwa kula. Aliniambia, "Hao hawamsemi mtoto. Wananisema mimi." Na kwa kweli huwezi kumlaumu, kwa sababu jina ni moja.

Akaamua kuniponyea mtoto kwa nguvu. Kwanza alimpa Kathini sahani yake peke yake na beseni lake peke yake. Halafu akamkataza kumgusa Musyimi, na hilo ndilo lililonikata moyo, maana Kathini alikuwa akimpenda yule mtoto kiasi cha kumpulizia uji wake. Akawa anamwangalia ndugu yake kutoka mlangoni. Akajifunza kukunja vidole gumba ndani ya ngumi, na akawa anakula hivyo, anacheza hivyo, anasali hivyo. Wewe unaijua hiyo ngumi, Kisilu. Nilikuona nayo miaka mingi.

Ikaja siki ya kuloweka vidole. Ikaja dawa ya kupaka kwa brashi, nyekundu, inayonuka kama rangi ya mlango. Mwishowe mwaitu akarudi kutoka sokoni na vidonge vya fangasi. Muuzaji alikuwa amemwambia avikate nusu, ampe mtoto mpaka kucha zibadilike, hata kama ni miezi. Hapo nilikataa. Nilimwambia kwa heshima, nikiwa nimekaa chini na yeye amekaa kwenye kiti, kwamba siki nilivumilia, rangi nilivumilia, lakini kitu cha kuingia tumboni mwa mwanangu hakitaingia mpaka mtu aliyesomea aione hiyo fangasi kwa macho yake. Mwaitu akaniuliza kama ninamfundisha kulea. Nikasema simfundishi, lakini mtoto amenyonya kwangu. Kimeu alikuwa pale. Alikiangalia kikombe chake cha chai kana kwamba kimeandikwa kitu ndani. Lakini kesho yake asubuhi, bila kusema neno, alimwinua Kathini akampakia kwenye pikipiki ya jirani na akanishikilia Musyimi mpaka nikakaa vizuri. Hivyo ndivyo Kimeu anavyosema mambo.

Kwenye hospitali ya kaunti huja daktari wa ngozi mara moja kwa mwezi, mama wa Kisomali anayeitwa Daktari Ismahan, sauti yake ya chini, maswali yake mengi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumsalimia Kathini kwa mkono. Mtoto akatoa ngumi. Daktari akaishika ngumi vilevile, akaitikisa, akasema, "Habari ya huyu aliyejificha ndani?" Kathini akacheka na kidole kikatoka chenyewe. Nilikuwa sijaona mtu mzima akikigusa kile kidole bila brashi kwa muda mrefu sana, na ilibidi nijifanye ninamfuta Musyimi kamasi.

Lakini siku hiyo hakutupima. Aliiona ile rangi nyekundu kwenye kona za kucha akaniambia nimekuja na ushahidi uliooshwa. Ukipaka dawa ya fangasi halafu upime, kipimo kinaweza kusema hakuna fangasi hata kama ipo, na baadaye hakuna atakayejua ukweli. Akasema niache kila dawa kwa wiki kadhaa, siki, rangi, kila kitu, nirudi kliniki inayofuata. Nikamuuliza yeye anaona nini. Akasema anaona kitu, lakini anataka maabara iseme kwanza, kwa sababu akikosea mtoto ndiye atakayemeza makosa yake.

Wiki hizo zilikuwa ngumu kuliko zote. Niligeuka askari wa vidole. Nilikuwa nikifua na jicho moja kwenye nguo na lingine kwa Kathini. Na siku moja nikamkuta mwaitu nyuma ya jiko, amempakata mtoto na amefungua chupa. Hakujificha aliponiona. Alisema, "Kaveke, wataondoa sanduku Ijumaa na watakaposema sababu watalitaja jina langu." Alikuwa akilia. Nilikuwa nimekuja na hasira tayari mdomoni, nikaimeza. Nilikaa kando yake nikaifunga ile chupa polepole. Nikamwambia, "Mwaitu, kama ni fangasi kweli, tuiache ionekane. Ikionekana, mimi mwenyewe nitampa vidonge, na nitamwambia Mutindi alikuwa sawa, mbele ya wote. Lakini kama si fangasi na tumeendelea kupaka, atabaki na hilo jina maisha yake yote, na hilo jina ni lako." Akasema atangoja, na pia akasema atakuja mwenyewe hospitali, maana madaktari huambia wamama vijana chochote wanachotaka kusikia. Kikundi kikakubali kungoja pia, kwa sababu mwaitu alisema yeyote atakayeligusa sanduku kabla ya majibu atalibeba peke yake kushuka mlima.

Tukarudi, mwaitu amevaa kitambaa chake cha kanisa kama anayekwenda kutoa ushuhuda. Daktari alimheshimu sana, akamwekea kiti karibu, akamuuliza maswali yeye kwanza. Kucha zilianza lini? Tangu kuzaliwa. Ilianza moja halafu zikaenea? Hapana, zote kwa pamoja. Mkono huu na huu? Sawa kwa sawa. Zinawasha, zinanuka, zinamomonyoka kama unga? Hapana. Ngozi kati ya vidole vya miguu inachubuka? Hapana. Kuna mtu mwingine nyumbani ameambukizwa, hata huyu mdogo anayelala naye? Hapana. Mwaitu alikuwa akijibu kwa haraka mwanzoni, halafu akawa anajibu polepole, kama mtu anayejisikiliza.

Ndipo daktari akavipanga vile vidole vidogo juu ya meza akamwonyesha. Kidole gumba ndicho kilichoumia zaidi, kinachofuata nafuu, kinachofuata nafuu zaidi, mpaka kidole kidogo ambacho ni kizima kabisa. Na mkono wa pili ni vilevile. Akasema, "Mama, fangasi haipangi foleni." Fangasi huingia kwenye kucha moja, mara nyingi ya mguu, kwa mtu mzima zaidi kuliko mtoto mdogo, ikaanzia pembeni au nchani, kucha ikanenepa na kugeuka rangi, halafu ikaruka hapa na pale bila mpango. Hizi za Kathini zina mpango. Kitu chenye mpango hivi, akasema, kwa kawaida mtu amezaliwa nacho.

Lakini hakuishia kwa maneno. Alikata vipande vya kucha na kukwangua unga wa chini yake. Vingine vikatiwa dawa ya kulainisha na kuangaliwa siku hiyohiyo kwa ile mashine ya kukuza vitu vidogo. Hakuna kitu. Vingine vikawekwa kwenye chakula cha kuoteshea fangasi, vikae wiki kadhaa, kwa sababu alisema kipimo kimoja kinaweza kukosa kuiona.

Halafu akamwambia Kathini anyooshe mikono kama ndege. Mikono ikafika mahali ikakataa, pale kwenye kiwiko, imepinda kidogo. Akasema anyooshe zaidi. Ikakataa. Akashika magoti yake akavitafuta vile vifuniko vya mbele, akavipata vidogo sana, vimekaa kando kama vimesukumwa. Kisilu, hapo ndipo nilipokuona wewe kanisani Kanyangi, siku ambazo mchungaji alisema tuinue mikono juu, na wewe ukainua na haikunyooka, na mke wa mchungaji akakufuata nje akakuambia umsifu Mungu kwa moyo wote, si nusu. Nikakumbuka goti lako lilivyokuwa likiteleza tukikimbia. Nilikuwa nimeyaona hayo yote maisha yangu yote na sikuwahi kuyaweka pamoja na kucha.

Kwa wakati huo Musyimi alikuwa analia, mwaitu akatoka naye nje kumtembeza, nikabaki na daktari peke yangu. Aliyoniambia hapo nitakufikishia, subiri kidogo. Kwanza nikumalizie ya kikundi, kwa sababu nimengoja sana kumwambia mtu.

Majibu ya mwisho yalitoka. Hakuna fangasi iliyoota, hata kidogo. Ijumaa hiyo wamama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi uani, na nikaomba kusema. Mutindi akauliza nimekuwa daktari lini. Nikamwambia tangu waliponinyima usingizi. Nikamwita Kathini mbele. Nikawaambia aliyoyasema daktari, vile mpango ulivyo, kidole kwa kidole, nikawaeleza fangasi inavyofanya na hizi zisivyofanya, nikawaonyesha viwiko na magoti. Nikawaambia hili halimwambukizi mtu, hata mkilala naye kitanda kimoja, hata mkikata embe kwa kisu kimoja. Nilipomaliza nilisema sanduku likitaka kuondoka liondoke, lakini wakiulizwa sababu watafute nyingine.

Halafu mwaitu akasimama, akaenda mpaka kwenye nyavu za maembe, akachukua kipande, akakiweka kwenye vidole vya Kathini, na mtoto akamlisha bibi yake mbele ya kikundi chote. Mwaitu akatafuna kwa utaratibu akimwangalia Mutindi. Sijawahi kuona mtu akitafuna embe hivyo.

Sanduku likabaki. Lakini sikiliza. Baadaye, watu walipokwisha kutawanyika, Mutindi alinifuata nyuma ya jiko, hana maneno yake ya kawaida. Akakaa kwenye jiwe, akavua gambuti zake, akanionyesha mguu. Kucha ya kidole kikubwa ilikuwa nene, ya njano, imeanza kumomonyoka upande mmoja, na ngozi kati ya vidole imechubuka na kuwa nyeupe. Akaniuliza kama hiyo ina mpango. Sikucheka, kaka, ingawa nafikiri nilikuwa na haki. Nilimwambia haionekani kuwa na mpango, lakini mimi si wa kumwambia, na asinunue vidonge sokoni, akapimwe kama sisi tulivyopimwa, kwa sababu hata kucha iliyogongwa na jembe inaweza kunenepa hivyo. Akaenda. Wakaipata fangasi. Sasa anatibiwa, na yeye mwenyewe, bila kulazimishwa, alisimama kwenye kikundi akasema ile fangasi tuliyokuwa tunaitafuta kwenye vidole vya mtoto ilikuwa ndani ya gambuti yake. Wamama walicheka mpaka mmoja akaangusha nyavu. Kwa hilo nimempa heshima yake. Siku hizi ananiita daktari, na mimi namwita mwenyekiti.

Sasa nakuja kwa lile nililoliacha.

Mwaitu alipotoka nje na Musyimi, Daktari Ismahan alinifungia mlango akaniambia, "Na wewe, mama, nionyeshe mikono yako." Nikasema mimi sina shida. Akasema anajua. Akashika vidole gumba vyangu akavisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Unajua ule mwezi mweupe ulio kwenye shina la kucha? Kwa watu wengine umejikunja kama mwezi mchanga. Wangu una kona katikati, kama paa la nyumba. Nimeishi na vidole hivi tangu nizaliwe na sikuwahi kuona. Akanishika magoti. Vifuniko ni vidogo. Akaniambia ninyooshe mikono, na mkono wa kushoto haukufika mwisho. Mimi nilikuwa nikidhani ni kubeba watoto na kupanda milima ya Mbooni. Akasema hapana. Ni mimi niliyempa Kathini. Ni ugonjwa wa kurithi, nimeubeba kimya, ukanigusa kidogo tu, ukampiga mtoto wangu zaidi. Na mimi nimeupata kwa mzazi mmoja, na kwa yale niliyomweleza kuhusu baba, vidole vyake na magoti yake, akasema inaelekea ni kwa baba, na kwamba kaka yangu wa Kiboko anao vilevile, karibu bila shaka.

Kwa hivyo haikuwa mkonge, Kisilu. Si kwa baba, si kwako. Hukuharibu kitu kwa kukwangua. Na wala si fangasi. Najua kuhusu vidonge. Mama aliniambia unavimeza kwa mafungu, unaacha, unaanza tena, na kwamba ndiyo maana hukuja kumshika Kathini alipozaliwa, ulisema utamwambukiza. Hungeweza kumwambukiza. Alikuwa nazo tayari, kutoka kwangu. Viache hivyo vidonge leo. Kwa mwenye fangasi ni dawa, lakini kwako haviwezi kufanya kitu ila kulisumbua ini.

Kuna jambo moja ambalo sitalilainisha. Daktari alisema watu wenye kucha na magoti haya, wengine wao huumwa figo pole pole bila kusikia maumivu, na wengine presha ya macho. Ndiyo maana inafaa kupimwa mkojo, presha na macho, si mara moja, bali kila mwaka. Mimi nimepimwa, ni safi. Kathini ni safi. Musyimi ana kucha kama za baba yake na magoti mazuri, huyo hana hata kidogo. Unakumbuka baba alivyovimba miguu na uso mwishoni, na watu wakasema mengi? Nilimuuliza daktari. Alisema hawezi kusema juu ya mtu ambaye hakumwona, na nikashukuru kwamba hakudanganya. Lakini wewe anaweza kukuona. Nimeshakuandikisha kwa kliniki ijayo, na kama una hasira njoo nayo, tutakaa nayo kwenye foleni.

Nilimwambia mwaitu pia. Ningeweza kunyamaza, maana yeye hakuwa ndani ya chumba, na alikuwa amesema toka mwanzo kwamba kitu hicho kimetoka Kitui. Lakini nilichoka na mambo yaliyokunjwa ndani ya ngumi. Nikamwambia ni kweli, kimetoka kwetu, kimepitia kwangu. Nilingoja aniambie si nilisema. Alikuwa anachambua maharagwe. Akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Jina nilimpa mimi, kucha mmempa nyinyi. Basi tumelingana." Na akanipa nusu ya maharagwe nichambue.

Nimekuwekea habari bora mwisho. Kathini ameanza shule muhula huu. Jumatatu mwalimu hukagua kucha, kama tulivyokuwa tukikaguliwa sisi, na wewe ulikuwa ukipigwa rula kwa uchafu ambao haukuwepo. Nilitaka kwenda kuzungumza na mwalimu mapema, lakini Musyimi alikuwa na joto, nikachelewa. Nilipofika, ukaguzi ulikuwa umekwisha, na mwalimu akaja kwangu mlangoni anatabasamu. Akaniambia alipofika kwa Kathini na kumuuliza kucha zake zimefanya nini, mtoto alifungua mikono yote miwili juu ya dawati, vidole gumba mbele, akamwambia: "Hizi si chafu, mwalimu. Hizi ni za kwetu. Mama ako nazo kidogo, mjomba ako nazo kabisa."

Sasa darasa zima linataka kumwona huyo mjomba.

Mama anakusalimu, Kimeu anakusalimu, mwaitu anakusalimu na anasema utakapokuja usilete sukari, anayo, ulete maji ya machungwa ya huko kwenu. Mutindi pia anakusalimu ingawa hamjuani, anasema ni salamu za mgonjwa mwenzako ambaye si mwenzako. Ulale salama, ule vizuri, na Mungu akusimamie kwenye barabara mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako anayekupenda,

Kaveke, mama Kathini